"Ni Hewa Tu": Jibu Moja kwa Kelele Zote za Bomba

Mwite fundi bomba hapa Moshi umwambie bomba linapiga kelele. Mara nyingi atakujibu kabla hujamaliza sentensi: "Ni hewa tu hiyo." Atafungua koki mbili tatu, maji yatakohoa kidogo, atapokea chake na kuondoka. Ukiamua kutafuta mwenyewe kwenye simu, utakutana na jibu la pili kutoka kwa watu wa mbali: "Ni wota hama." Chini ya jibu hilo kutakuwa na kifaa cha kununua.

Majibu yote mawili yanataja vitu vya kweli. Hewa kwenye bomba ipo, na wota hama, ambayo humu nitaiita pigo la maji, ipo pia. Lawama yangu iko kwenye namna yanavyotumika. Jibu linaloeleza kila kelele, ya usiku na ya mchana, ya koki moja na ya nyumba nzima, halijaeleza hata moja. Darasani tukiletewa nadharia tunaiuliza inatabiri nini, na ikiwa si kweli tutaijuaje. Hebu tuwaulize hivyo hivyo fundi na simu.

Tuanze na hewa, maana fundi wetu ana haki zaidi kuliko anavyodhaniwa. Maji ya mgao yakikatika, nyumba za bondeni zinaendelea kuchota kilichobaki kwenye bomba la mtaa. Bomba linakauka kuanzia juu, na nafasi iliyoachwa inajazwa na hewa. Maji yakirudi, hewa hiyo lazima itoke mahali fulani, na inatoka kwako kama koki yako iko juu na imeachwa wazi. Mpaka hapa kila mtu anaelewa. Kinachorukwa ni sababu ya ule mshindo, ule "du!" unaotikisa ukuta mwishoni mwa kukohoa.

Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi kwa ujazo uleule. Kwa presha ileile na tundu lilelile, hewa inapita kwa kasi kubwa kuliko maji kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha namba hiyo, yaani karibu mara 28. Sasa fikiria koki imefunguliwa kidogo. Hewa inatoka fyuuu, na maji yaliyo nyuma yake yanakimbia kuifuata kana kwamba njia ni nyeupe. Ghafla maji yenyewe yanafika kwenye lile tundu dogo. Tundu lililoachia hewa kwa urahisi haliwezi kuachia maji kwa kasi ile, kwa hiyo nguzo nzima ya maji inafungwa breki mara moja. Mshindo unaousikia ni wa breki hiyo. Kwa maneno mengine, hewa imetengeneza pigo la maji, na majibu mawili yaliyokuwa yakishindana yamekutana kwenye koki moja.

Jibu la hewa, basi, lina utabiri mzuri kabisa: kelele itaanza maji yanaporudi, itakwisha baada ya dakika chache, na haitasikika tena mpaka mgao mwingine. Dawa yake haina gharama. Valvu ya kwenye mita ifunguliwe kidogo tu wakati maji yanarudi, koki ya juu kabisa iwe wazi, bomba lijae polepole. Ila kama kelele yako inakuja kila siku katikati ya mtiririko, wakati maji hayajakatika wiki nzima, hewa haihusiki na fundi wako amekisia.

Kuna jambo la bili hapa, na ndilo linalowagombanisha watu na mamlaka za maji karibu kila mji wa nchi hii. Mita nyingi za majumbani zinahesabu mzunguko, na hazijui kinachozizungusha. Hewa ikipita inahesabiwa. Lakini tupige hesabu kabla ya kulalamika. Mita 100 za bomba la nusu inchi zina ujazo wa lita 18 hivi, na uniti moja ni lita 1,000. Hewa ya bomba lako peke yako haiwezi kukupandishia bili. Hewa ya bomba la mtaa ni habari nyingine: mita 500 za bomba la inchi nne zinabeba karibu lita 4,000, yaani uniti nne. Anayezilipa zaidi ni yule mwenye nyumba ya juu kabisa aliyelala koki ikiwa wazi ili asikie maji yakija. Mtindo huo ni wa kawaida sana mitaani kwetu.

Sasa jibu la simu. Pigo la maji lina historia nzuri. Mwishoni mwa karne ya 19 mabomba makuu ya Moscow yalikuwa yakipasuka, na Nikolai Zhukovsky, ambaye wengi wanamjua kwa mambo ya ndege, akafanya majaribio kwenye mabomba yenyewe ya mji ule. Matokeo aliyoyatoa mwaka 1898 yanaandikika kwa mstari mmoja: presha inayoongezeka ni densiti ya maji, mara kasi ya wimbi ndani ya bomba, mara kasi ambayo maji yamepoteza. Wimbi linalotajwa hapa ni mshtuko unaosafiri ndani ya maji, kama sauti. Kwenye bomba la chuma linakimbia mita 1,300 hivi kwa sekunde. Kwenye plastiki, kwa kuwa kuta zake zinatanuka, kasi inashuka hadi mita 400 au chini ya hapo. Kwa hiyo ukisimamisha ghafla maji yaliyokuwa yakienda mita moja kwa sekunde, bomba la chuma linapata nyongeza ya bar 13 na la plastiki kama bar 4. (Bar hii ni kipimo cha presha, si ile ya kitimoto. Bar moja ni sawa na nguzo ya maji ya mita kumi hivi.)

Neno linalosahaulika kwenye makala za mtandaoni ni "ghafla". Ghafla kiasi gani? Mshtuko lazima usafiri kutoka kwenye koki mpaka mwisho wa bomba na kurudi. Ukifunga koki kabla haujarudi, unapata pigo zima. Ukifunga kwa muda mrefu kuliko huo, wimbi linarudi na kukupunguzia. Sasa chukua nyumba ya kawaida ya Moshi mjini: simtanki juu ya mnara wa mita tatu, mita 12 za bomba la PPR mpaka jikoni. Safari ya kwenda na kurudi ni mita 24, na kwa kasi ya mita 400 kwa sekunde ni sekunde 0.06. Hakuna mkono wa binadamu unaofunga koki ya kuzungusha kwa muda huo. Hata koki ya kugeuza robo ukiipiga kwa hasira inachukua robo sekunde, na hapo nyongeza ya presha ni nusu bar hivi. Nusu bar haitikisi ukuta.

Wanaoandika makala hizo wana nyumba ambazo bomba la mji, lenye presha kubwa saa zote, linaingia moja kwa moja mpaka kwenye mashine ya kufulia, na valvu ya umeme ya mashine hiyo inafunga kufumba na kufumbua. Kwao ushauri ni sahihi. Ukiuhamishia kwenye nyumba inayolishwa na simtanki, unamshauri mtu anunue kifaa cha kumeza pigo ambalo halipo. Ndiyo, kama una mashine ya kufulia na pampu ya presha hapa mjini hesabu inabadilika, lakini makala hazikuulizi kama unayo. Zinaanza na jina la ugonjwa halafu zinatafuta mgonjwa.

Lakini panda mlima.

Mji wa Moshi wenyewe umelala kati ya mita 700 na 950 hivi kutoka usawa wa bahari. Mita 250 za mwinuko ndani ya mji mmoja ni bar 25 kama bomba lingeteremka bila kukatishwa, wakati mabomba mengi ya plastiki tunayonunua yameandikwa PN10 au PN16, yaani bar 10 au 16. Ndiyo maana mifumo ya maji ya mserereko ina matangi ya kukata presha njiani: maji yanamwagika ndani ya tangi lililo wazi, presha inarudi sifuri, safari inaanza upya. MUWSA wanateremsha maji kutoka kwenye chemchemi za upande wa juu kama Nsere na Shiri, na huko Kibosho, Uru, Marangu na Machame vijiji vina mabomba ya mserereko yanayopita kwenye migomba kwa kilomita nyingi.

Huko juu ndiko pigo la maji linapoishi, na huko ndiko watu wanapoambiwa "ni hewa". Chukua bomba la plastiki la inchi moja na nusu wanalochangia majirani, mita 600 kutoka tangi la juu, mwinuko wa mita 60. Linajaza tangi la mtu, maji yakienda mita moja kwa sekunde. Wimbi linahitaji sekunde tatu kwenda na kurudi. Sekunde tatu! Mtoto aliyetumwa kufunga valvu ya kugeuza robo anaifunga ndani ya sekunde moja, na bomba linapokea pigo lote: bar 4 juu ya presha iliyokuwapo maji yakitembea. Bomba lililokuwa linatulia kwenye bar 6 linasukumwa kuelekea bar 10, tarakimu ileile iliyoandikwa ubavuni mwake. Plastiki yenyewe ina uvumilivu na haitapasuka siku hiyo. Viungo havina uvumilivu huo. Kiungo kinaanza kulia machozi kwenye udongo wa mgombani, na mradi unapoteza maji ambayo kamati inayatafuta kwenye vitabu vya mahesabu.

Dawa ni kufunga polepole, au kubadilisha valvu ya kugeuza robo kuweka ya kuzungusha, ile mafundi wanaiita geti valvu, ambayo kwa umbo lake haikuruhusu kuharakisha. Ni valvu ya kizamani, na watu wanaiondoa kwa sababu inachosha mkono. Kuchosha mkono ndiyo kazi yake.

Nashangaa jambo hili halifundishwi kwa mifongo. Wachagga wameteremsha maji kwenye miteremko hii kwa mifereji ya wazi kwa karne nyingi, na kila mtoto aliyekulia huko ameona mfongo ukizibwa kwa udongo na majani ya mgomba: maji yanainuka, yanajaa, yanafurika pembeni. Mfongo hauwezi kupata pigo la aina hii kwa sababu uso wake uko wazi na maji yana pa kwenda. Bomba ni mfongo uliofunikwa. Ukiuziba, maji hayana pa kuinukia, kwa hiyo yanajikamua na kuusukuma ukuta. Shuleni tulipewa presha ya maji yaliyotulia, tukachora kopo lenye matundu matatu, tukafaulu. Hatukuulizwa hata siku moja maji yanayotembea yakisimamishwa yanafanyaje.

Zipo kelele nyingine ambazo hewa na pigo la maji vyote viwili vinashindwa kuzieleza, na hizi ndizo nyingi zaidi mjini. Ya kwanza ni ile ya saa nane usiku: gu-gu-gu-gu kutoka kwenye dari, inakua, inakoma, inarudi. Watu wanaihusisha na mambo mengine kabisa, hasa kwenye nyumba ya kupanga. Ni boya la simtanki. Usiku wachotaji ni wachache, maji hayapotezi nguvu njiani kwa msuguano, na presha inayofika kwako ni kubwa kuliko ya mchana. Tangi likikaribia kujaa, boya linainuka na kubakiza upenyo mwembamba. Mawimbi madogo juu ya maji yanalipandisha na kulishusha, upenyo unafunga na kufunguka mara kadhaa kwa sekunde, na bomba ambalo fundi hakulifunga vizuri kwenye mbao za paa linageuka ngoma. Kumpima mtuhumiwa ni rahisi: panda, inua boya kwa mkono. Kelele ikikata papo hapo, umemkamata. Punguza valvu ya kuingizia tangi, funga bomba kwenye mbao, na kama boya lenyewe limelegea libadilishwe.

Koki inayovuma kama nyuki ikiwa nusu wazi, ikanyamaza ikifunguliwa yote, ni raba iliyolegea ndani. Badilisha raba. Watu wanabadilisha koki nzima, na wapo wanaobadilisha bomba.

Maeneo ya chini ya mji, kama Pasua na Njoro, yanaweza kuwa na kelele yao: mlio wa kokoto zinazopita kwenye valvu iliyofungwa nusu. Hakuna kokoto. Maji yakibanwa kwenye upenyo yanakimbia, na yakikimbia presha yake inashuka. Ikishuka hadi kama bar 0.02, maji ya nyuzi 20 yanachemka bila moto. Mapovu yanayozaliwa hapo yanapasukia mbele kidogo, ambako presha imepanda tena, na kila pasuko linang'ata chuma. Fungua valvu hiyo yote, na kama presha ni kubwa mno weka valvu maalumu ya kupunguza presha. Hapa kifaa cha dukani kinastahili pesa.

Pampu ya presha inayowaka na kuzima kila koki inapoguswa, tik-tik-tik, kwa kawaida imepoteza hewa kwenye tangi lake dogo. Lina ventili kama ya tairi la baiskeli. Ibonyeze: ikitoa maji badala ya hewa, mpira wa ndani umechanika. Angalia kichekesho hiki. Hapa ugonjwa ni ukosefu wa hewa, na bado nimesikia mtu akiambiwa "ni hewa tu."

Utaona kwamba vipimo vyote hivi havijali sana kelele inafananaje. Vinauliza inakuja na tukio gani: maji yanaporudi, koki inapofungwa, tangi linapojaa, pampu inapowaka. Kuna wanaoamini sikio zaidi, wanaweka bisibisi ndefu kwenye bomba na mpini sikioni, na kwenye bomba la chuma wanapatia sana, kwani wenye kazi ya kutafuta mivujo hutumia fimbo za namna hiyo. Kwenye plastiki sauti inakufa njiani. Mji unavyozidi kuhamia PPR na bomba nyeusi za poli, ustadi huo unapungua thamani, na saa ya ukutani inazidi kuwa na faida.

Nimeacha mwisho kelele ambayo sijawahi kusikia mtu akimwitia fundi, kwa sababu ni ndogo na inaisha haraka. Maji yamekatika. Unafungua koki ya uani, ile iliyounganishwa moja kwa moja na bomba la mtaa bila kupitia simtanki. Badala ya kutoa, inavuta: ssss, kwa ndani. Fundi akiwepo atasema ni hewa, na atakuwa amesema kweli. Tatizo ni kwamba anaishia hapo. Hewa hiyo inaingia. Bomba linashuka bondeni, maji yaliyomo yanateremka kwa uzito wake, na presha kwako juu imekuwa ndogo kuliko ya anga. Penye njia ya hewa kuingia, maji machafu yanaingia pia: kupitia kiungo kinachovuja karibu na karo, kupitia bomba la mtaa lililokatika mtaroni, na kwa wepesi kuliko yote kupitia mpira wa kumwagilia ulioachwa umezama kwenye beseni la nguo. Maji ya sabuni yanapanda mpira, yanaingia bombani, na mgao ukirudi jirani wa chini anayachota kwa kunywa.

Kwa kelele hii hakuna haja ya bisibisi wala saa. Maji yakikatika, lowesha kiganja uzibe nacho mdomo wa koki ya uani, halafu ifungue. Kiganja kikivutwa, funga koki, toa mpira kwenye beseni, na mwombe fundi aweke valvu ya kuzuia maji kurudi mbele ya mita, kwa upande wako. Akikuambia haina haja kwa kuwa ni hewa tu, mwulize inatoka au inaingia.